Je, nyutrino za angani zinaweza kuzalisha mashimo meusi madogo mno zinapogonga hewa, maji au barafu?

Kilimia:

Wanajukwaa, salaam. Katika kusoma habari za miale ya kosmiki nimekutana mara kadhaa na dai ambalo bado halijanikaa sawasawa kichwani, nalo ni kwamba nyutrino (chembe isiyo na chaji ambayo ni nadra kugusana na maada) inayotoka mbali angani, ikiwa na nishati ya kutosha, inaweza kugongana na kwaki (mojawapo ya chembe zinazoijenga protoni) iliyomo ndani ya protoni ya hewa au ya barafu, na mgongano huo ukazaa shimo jeusi dogo kuliko kiini chochote cha atomu, ambalo hutoweka papo hapo.

Linalonitatiza kwanza ni udhaifu wa uvutano. Nimekokotoa nusukipenyo cha Schwarzschild, yaani ukubwa ambao tungamo likibanwa ndani yake huwa shimo jeusi, cha tungamo linalolingana na TeV 10 (eV ni kipimo cha nishati ya chembe; GeV ni eV bilioni moja, TeV ni GeV elfu moja, na PeV ni TeV elfu moja), nikapata takriban mita 2.6 × 10^-50, ilhali urefu wa Planck, ambao chini yake hatuna nadharia ya kutegemea, ni mita 1.6 × 10^-35. Sioni namna ambavyo chembe mbili zinaweza kusogeleana kiasi hicho. Pia sielewi kwa nini watafiti wanazitaja nyutrino kuliko protoni, ambazo tunajua zinafika duniani zikiwa na nishati kubwa ajabu. Chembe iliyonaswa Utah mwaka 1991 ilikadiriwa kuwa na eV 3.2 × 10^20. Tena, kama shimo lenyewe huishi kwa sekunde 10^-26 hivi, ni kitu gani hasa ambacho kitambuzi kingekiona?

Nauliza pia kwa sababu ya tukio la tarehe 13 Februari 2023, lililorekodiwa na darubini ya KM3NeT katika kilindi cha bahari ya Mediterania karibu na Sicily na kuchapishwa mwaka 2025. Nyutrino iliyolisababisha ilikadiriwa kuwa na PeV 220. Je, tukio hilo lina uhusiano wowote na jambo hili?

Falaki:

Ndugu Kilimia, hesabu yako ni sahihi, na kwa uvutano tunaoufahamu jibu la swali lako la kwanza ni kwamba haiwezekani kabisa. Hata chembe yenye eV 10^20 inapoigonga protoni iliyotulia, sehemu kubwa ya nishati yake huishia katika kuusukuma mbele mfumo mzima, na inayobaki kwa ajili ya mgongano wenyewe ni takriban TeV 430 tu. Nishati ya Planck, ambayo uvutano huo ungekuwa na nguvu sawa na nyinginezo, ni GeV 1.2 × 10^19, kwa hiyo tunapungukiwa kwa zaidi ya mara trilioni 20. Yeyote anayezungumzia mashimo meusi ya namna hii anaweka sharti moja ambalo makala za kawaida hulipitia haraka mno: kwamba uvutano si dhaifu kwa asili yake, bali unaonekana dhaifu kwetu kwa sababu umetawanyika mahali ambapo nguvu nyingine hazifiki.

Wazo hilo lilitolewa mwaka 1998 na Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na Gia Dvali. Walipendekeza kwamba kuna dimensheni za ziada zilizojikunja, na kwamba uvutano pekee ndio unaoenea ndani yake, huku kwaki, elektroni na mwanga vikibaki katika dimensheni tatu tunazoishi. Katika umbali mkubwa kuliko ukubwa wa dimensheni hizo, uvutano hupungua kwa kanuni ya Newton tuliyoizoea. Katika umbali mdogo kuliko huo, huongezeka kwa kasi zaidi kadiri vitu vinavyokaribiana. Kwa hiyo nishati ambayo uvutano unakuwa na nguvu sawa na nyinginezo huenda si GeV 10^19 bali ni TeV chache tu, na kile tunachokiita nishati ya Planck ni picha iliyopotoshwa na umbali.

Ukubwa wa dimensheni hizo unategemea idadi yake, na hapa nadharia inajiweka wazi kwa majaribio, jambo ninalolipenda. Tukitaka kiwango cha TeV 1 kwa dimensheni moja tu ya ziada, ingebidi iwe pana karibu sawa na umbali wa Dunia hadi Jua, na mizunguko ya sayari ingekuwa imetuambia zamani. Hilo limekataliwa bila mjadala. Dimensheni mbili zingekuwa na ukubwa wa sehemu ya kumi ya milimita hivi, na sita zingefikia takriban mita 10^-14, yaani ukubwa wa kiini cha atomu. Mwaka 1999 Lisa Randall na Raman Sundrum walileta njia nyingine, ambamo dimensheni ya ziada si lazima iwe pana, kwa kuwa imepinda sana.

Sasa rudi kwenye hesabu yako. Uvutano ukiwa na nguvu kiasi hicho, nusukipenyo cha shimo jeusi la TeV chache hakiwi tena mita 10^-50, bali hukaribia mita 10^-19. Mwaka 1972 Kip Thorne alipendekeza kipimo rahisi: nishati ikibanwa kiasi cha kupita ndani ya pete yenye nusukipenyo cha Schwarzschild, hata pete hiyo ikizungushwa kila upande, shimo jeusi litatokea. Nyutrino na kwaki zikipishana kwa umbali mdogo kuliko nusukipenyo hicho, hakuna kingine kinachohitajika. Uwezekano wa tukio hukadiriwa kwa eneo la duara hilo, yaani π mara mraba wa nusukipenyo, kisha hujumlishwa kwa kwaki na gluoni (chembe zinazozishikanisha kwaki) zote zilizomo ndani ya protoni.

Ubora wa nyutrino unatokana na unyonge wake. Protoni inapoingia angani hugongana na viini vya hewa kwa nguvu kali (ile inayoshikilia viini vya atomu), na eneo lake la mgongano, yaani kipimo cha uwezekano wa kugongana, ni takriban sentimita za mraba 5 × 10^-25. Hata katika makadirio ya matumaini makubwa, eneo la kuzalisha shimo jeusi lilikuwa dogo kuliko hilo kwa mamia ya maelfu au mamilioni ya mara, kwa hiyo shimo jeusi litokanalo na protoni ni mnong'ono katikati ya ngoma. Nyutrino yenye eV 10^18, kwa upande wake, ina eneo la mgongano la kawaida lipatalo sentimita za mraba 10^-32 tu. Hapo shimo jeusi halishindani na nguvu kali, linashindana na nguvu hafifu (ambayo kwayo nyutrino hugusana na maada), na katika makadirio ya awali lingeweza kuishinda mara kumi au hata mia. Ndiyo maana mwaka 2001 Jonathan Feng na Alfred Shapere waliandika kwamba Kituo cha Pierre Auger huko Argentina huenda kingeona mamia ya mashimo meusi kabla kichapuzi cha LHC, mashine ya kugonganisha protoni, hakijaanza kukusanya takwimu.

Niongeze tahadhari moja. Picha ya duara lenye eneo la π mara mraba wa nusukipenyo huaminika pale tu tungamo la shimo linapokuwa kubwa mara kadhaa kuliko kiwango kipya cha uvutano. Watafiti wengi hutaka lizidi mara tano hivi. Chini ya hapo tunahitaji nadharia kamili ya uvutano wa kwanta, ambayo hatunayo. Aidha, sehemu ya nishati ya mgongano hupotea kama mawimbi ya uvutano kabla shimo halijatulia, na kila mwandishi huikadiria kwa namna yake.

Mizani:

Nitachukua swali la kitambuzi, kwa sababu hapo ndipo panapovutia kuliko kwingine kote. Shimo jeusi haliwezi kuonekana, na hakuna anayejaribu kuliona. Kinachotafutwa ni mabaki yake na, zaidi ya mabaki, hesabu ya matukio kulingana na pande yanakotokea.

Tuanze na mabaki. Kwa mujibu wa kazi ya Stephen Hawking ya mwaka 1974, shimo jeusi lina halijoto, na kadiri tungamo lake linavyopungua ndivyo halijoto linavyopanda. Shimo la TeV chache huyeyuka mara moja kwa kutoa chembe za kila aina bila kubagua, kwa kuwa uvutano haujali chaji wala jamii ya chembe. Kwaki na gluoni ziko za aina nyingi, hivyo sehemu kubwa ya nishati, takriban robo tatu, hutoka kupitia kwazo; zinazosalia ni elektroni, myuoni na tau (jamaa wazito wa elektroni), fotoni (chembe za mwanga) na nyutrino. Katika mgongano wa kawaida wa nyutrino unaozaa elektroni au myuoni, kwa nishati hizi, karibu asilimia 80 ya nishati huondoka na chembe hiyo moja, na asilimia 20 tu huachwa kwenye vipande vya protoni. Shimo jeusi hubadili mgawanyo huo, kwa kuwa karibu nishati yote humwagika mahali pamoja kama manyunyu makubwa ya chembe. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini kwa tukio moja moja si rahisi kuithibitisha.

Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ina unene wa takriban gramu 1,000 kwa kila sentimita ya mraba. Mtu akiangalia kuelekea upeo wa macho, unene huo unafika takriban gramu 36,000. Protoni huanza manyunyu yake juu kabisa, na ikija kwa mlalo elektroni na fotoni za manyunyu hayo humezwa njiani, zikabaki myuoni pekee. Manyunyu ya mlalo yanayofika ardhini yakiwa bado machanga, yaani yakiwa na elektroni na fotoni tele, lazima yawe yameanzia chini, na mgeni anayeweza kupenya hewa yote hiyo bila kugusa kitu ni nyutrino. Kituo cha Pierre Auger, chenye matangi ya maji zaidi ya 1,600 yaliyopangwa kwa nafasi ya kilomita 1.5 katika eneo la kilomita za mraba 3,000, kinaweza kutenganisha manyunyu machanga na ya zamani kwa kupima jinsi mawimbi ya mwanga yanavyotawanyika katika muda.

Hapa lakini kuna mtego. Tuseme kituo kimehesabu manyunyu machanga mengi kuliko yaliyotarajiwa. Je, eneo la mgongano limekua kwa sababu ya mashimo meusi, au ni kwamba nyutrino zinazofika ni nyingi kuliko tulivyodhani? Idadi ya matukio ni zao la vitu hivyo viwili, na hakuna hata kimoja kinachojulikana kwa uhakika katika nishati hizo. Mtu anayetangaza ugunduzi kwa kuhesabu upande mmoja tu hajathibitisha chochote.

Njia ya kutoka ni kuitumia Dunia yenyewe. Nyutrino za tau zinazoingia ardhini kwa pembe ndogo sana, zikikata ukingo tu wa sayari, huweza kugeuka kuwa tau ndani ya mwamba. Tau hiyo ikitoka nje huoza hewani na kuzaa manyunyu yanayopanda. Nyutrino zikiwa nyingi, matukio ya mlalo na yale ya kupanda yataongezeka yote mawili. Mashimo meusi yakiwapo, matukio ya mlalo yataongezeka ila ya kupanda yatapungua, kwa sababu mwamba utazimeza nyutrino nyingi mapema, na kila moja itaishia katika shimo linalomwaga nishati yake humo humo badala ya kuzaa tau inayoweza kutoka. Uwiano wa makundi hayo mawili hutenganisha kile ambacho jumla yake hukificha. Kwa maoni yangu hili ndilo wazo bora kuliko yote katika mjadala huu, na lina thamani hata kwa mtu asiyeamini dimensheni za ziada.

Mbinu hiyo si ya karatasini tu. IceCube, kitambuzi cha kilomita moja ya ujazo kilichokamilika mwishoni mwa 2010 katika barafu ya Ncha ya Kusini, kikiwa na vihisi 5,160 kati ya kina cha mita 1,450 na 2,450, kilitumia umezaji wa nyutrino ndani ya Dunia kupima eneo lao la mgongano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, kwa nishati kati ya TeV 6.3 na TeV 980, yalitoa thamani iliyo mara 1.3 ya ile ya Modeli Sanifu (nadharia ya kawaida ya chembe), na makosa ya kipimo yanatosha kuifunika tofauti hiyo. Nishati hizo bado ni ndogo kwa mashimo meusi, kwa kuwa nyutrino ya TeV 980 inapogonga protoni hutoa nishati ya mgongano ya TeV 1.4 hivi tu.

Kilimia:

Nawashukuru nyote wawili. Nimeelewa sasa kwamba kinachopimwa ni uwiano, si shimo. Naomba mnisaidie katika jambo moja zaidi. LHC imefanya kazi kwa TeV 13 tangu 2015 na kwa TeV 13.6 tangu 2022, na sijasikia kwamba imepata shimo jeusi lolote. Je, haijaufunga mlango huu? Na je, ile hofu ya kwamba shimo la namna hii lingeimeza Dunia ina msingi?

Kimondo:

Nianze na hofu, maana jibu lake ni fupi. Shimo lenye halijoto kubwa kiasi hicho huyeyuka kabla halijasafiri hata umbali wa upana wa kiini cha atomu. Mtu akikataa mnururisho wa Hawking, bado anapaswa kueleza kwa nini nyota zipo: mwaka 2008 Steven Giddings na Michelangelo Mangano walionyesha kwamba miale ya kosmiki inayozipiga nyota vibete vyeupe na nyota za nyutroni ingezalisha mashimo hayo hayo, nyota zenyewe zina msongamano wa kutosha kuyasimamisha, na umri wake mrefu ni ushahidi kwamba hayazili.

Kuhusu mlango, mimi ni mkali kidogo kuliko wenzangu: haujafungwa, ila umebaki ufa. Vitambuzi vya LHC viitwavyo CMS na ATLAS vimetafuta matukio yenye chembe nyingi za nishati kubwa zinazotoka kwa pamoja, na havikupata ziada. Kulingana na modeli, mashimo meusi yenye tungamo la chini ya takriban TeV 9 hadi 10 yameondolewa. Utafutaji mwingine wa LHC, unaoangalia nishati inayoonekana kupotea kana kwamba imekimbilia dimensheni nyingine, umesukuma kiwango cha uvutano hadi takriban TeV 6 kwa dimensheni sita na TeV 11 kwa mbili. Ukichukua tahadhari ya Falaki, kwamba shimo linapaswa kuzidi kiwango hicho mara tano, unafika TeV 30 na zaidi hata katika hali iliyo nyepesi kuliko zote. Makadirio ya mwaka 2001 yaliyoahidi mamia ya matukio yaliegemea kiwango cha TeV 1, na kiwango hicho hakipo tena.

Majaribio mengine yamesaidia pia. Mizani ya msokoto ya Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, imeonyesha kwamba kanuni ya Newton inashika hadi umbali wa takriban mikromita 50. Supanova (mlipuko wa nyota) ya 1987A nayo ilitoa nyutrino zilizonaswa kwa muda wa sekunde 10 hivi. Kama sehemu kubwa ya joto lake ingevuja kupitia dimensheni mbili za ziada, mmiminiko huo ungekatika mapema, na kwa idadi hiyo ya dimensheni kiwango kinapandishwa hadi makumi ya TeV. Napenda sana kwamba nyutrino zisizofika thelathini, zilizonaswa katika vitambuzi vitatu, ziliweza kusema jambo zito kiasi hicho kuhusu uvutano.

Sasa KM3NeT. Nyutrino ya PeV 220 ikigonga protoni iliyotulia hutoa nishati ya mgongano ya takriban TeV 20, ambayo inaizidi LHC. Hata hivyo kwaki inayogongwa hubeba sehemu tu ya nishati ya protoni, mara nyingi sehemu ndogo, kwa hiyo nishati iliyopatikana kwa ajili ya shimo huenda ilikuwa TeV chache au pungufu. Tena, kilichoonekana ni njia ya myuoni moja yenye takriban PeV 120, iliyokuwa ikisafiri karibu sambamba na upeo wa macho. Mgongano wenyewe ulitokea nje ya kitambuzi. Myuoni moja inayobeba zaidi ya nusu ya nishati ndiyo hasa tunayoitarajia kutoka kwa nguvu hafifu, na ni kinyume cha shimo linalogawa nishati yake kwa chembe nyingi. Msichanganye pia na pendekezo la mwaka 2025 kwamba nyutrino hiyo ilitoka kwenye mlipuko wa shimo jeusi la tangu mwanzo wa ulimwengu. Hapo shimo ni chanzo cha nyutrino, nalo ni tungamo kubwa mno kuliko la TeV chache. Mada yetu ni nyutrino kuwa chanzo cha shimo.

Mizani:

Nakubaliana na Kimondo kuhusu mipaka ya LHC, lakini naona ameupunguza ufa huo kupita kiasi. Nyutrino yenye eV 10^19 hufikia nishati ya mgongano ya TeV 137, mara kumi ya LHC, na tunatarajia ziwepo: protoni zinazozidi takriban eV 5 × 10^19 hugongana na fotoni za mnururisho wa usuli wa ulimwengu (mabaki ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu), kama walivyoonyesha Greisen, Zatsepin na Kuzmin mwaka 1966, na pioni (chembe za muda mfupi) zinazozaliwa humo huoza na kutoa nyutrino. Kikwazo ni uchache wake. Auger haijatangaza hata moja hadi sasa, na kutokuwepo kwa manyunyu hayo ya mlalo ni kipimo vilevile, kwa kuwa kunaweka kikomo juu ya zao la wingi wa nyutrino na eneo la mgongano.

Kitakachobadilisha hali ni ukubwa wa vitambuzi. Mradi wa IceCube-Gen2 unapendekeza barafu ya takriban kilomita 8 za ujazo, pamoja na antena za redio zinazosambaa katika eneo pana zaidi, kwa sababu manyunyu ndani ya barafu hutoa pia mpigo wa mawimbi ya redio unaosafiri mbali kuliko mwanga. Huko Greenland antena za namna hiyo zilianza kusimikwa mwaka 2021. Zikipata nyutrino kumi au ishirini tu za zaidi ya eV 10^18, zikagawanywa kati ya zinazotoka juu na zinazotoka ukingoni mwa Dunia, tutapata kipimo cha kwanza cha eneo la mgongano katika nishati ambazo hakuna kichapuzi kinachozifikia, na shimo jeusi litakuwa mojawapo tu ya maelezo yatakayoshindanishwa na kipimo hicho.

Kilimia:

Basi nitaanza na makala ya IceCube ya 2017 kuhusu umezaji, kisha nitafuatilia hesabu ya uwiano wa mlalo na ukingo. Nitarudi hapa na maswali kuhusu nishati inayopotea kama mawimbi ya uvutano, maana naona hapo makadirio yanatofautiana sana, na ukubwa wa shimo linalobaki unategemea hapo.